Taa mpya haiingii kwenye boksi la zamani la darini, na nyaya ni nyingi kuliko nilivyotegemea

Swali: Shikamoo fundi. Nimenunua taa ya LED ya duara, ile ya kubana darini, nikashusha ya zamani iliyokuwa inaning'inia kwenye rozi ya plastiki. Nyuma ya rozi kuna boksi la duara lenye mashimo mawili ya skrubu, nimepima ni kama sentimita tano toka shimo hadi shimo, ila braketi ya taa mpya mashimo yake yako mbali zaidi. Nitoboe mashimo mengine kwenye taa au niipige gundi ya nguvu maana ni nyepesi? Alafu nyaya zimetoka nyingi, nyekundu tatu, nyeusi tatu na zile za ethi (za ardhini), wakati taa mpya ina L na N tu, pa ethi sijapaona. Nafikiri nyekundu zote niziunge L na nyeusi zote N, niko sawa? Rozi nimeshaitoa yote.

Jibu: Marahaba kijana wangu. Umeuliza mambo mawili, la mashimo umelieleza kirefu na la nyaya umelitupia mwishoni kama kitu kidogo, mi naanza na hilo la mwisho. Mashimo yasipolingana unaona kwa macho, taa inakaa upande na hujapoteza kitu. Lakini nyaya ukiziunga vile ulivyosema, nyekundu zote L na nyeusi zote N, ukirudisha umeme taa itawaka palepale bila kugusa swichi ya ukutani, utafurahi kabisa, alafu mtu ataenda kubonyeza swichi na hapo ndipo inapigwa shoti. Breka ikiwa nzima itaruka. Kama ni zile fyuzi za waya na kuna mtu aliwahi kuweka waya mnene ili zisimsumbue, basi joto la hiyo shoti linaishia kwenye nyaya zenyewe huko ndani ya dari. Kwa hiyo hapana, hauko sawa, shuka kwenye ngazi kwanza.

Ile rozi uliyoitoa haikuwa kifuniko tu, ndani yake ndo kulikuwa na kituo cha kugawa umeme. Nyumba nyingi zimefungwa kwa kulupu, yaani kebo inatoka kwenye bodi inaingia taa ya kwanza, inatoka hapo inaenda ya pili, ya tatu, mpaka mwisho wa sakiti. Kwa hiyo kwenye rozi ya katikati unakuta kebo moja inayoleta umeme, kebo moja inayoupeleka mbele, na ya tatu inayoshuka ukutani kwenye swichi. Kebo tatu, kila moja ina nyekundu, nyeusi na ethi, ndo maana umehesabu tatu tatu. Taa ya mwisho kwenye mstari huwa na kebo mbili tu kwa sababu haipeleki popote.

Sasa mtego uko kwenye ile kebo ya swichi. Swichi ya kawaida haihitaji nyutro (N, waya wa kurudishia umeme), kazi yake ni kukata laivu (L, waya unaoleta umeme) na kuirudisha basi. Laivu inashuka kwa waya mwekundu, ukibonyeza inarudi juu kwa waya mweusi. Huo mweusi si nyutro hata kidogo, ni laivu iliyopitia swichini, na ndio unaotakiwa kwenda L ya taa. Fundi makini anauvalisha kipande cha tepu nyekundu au ya kahawia ili anayekuja baadaye ajue, ila wengi hawana muda huo na rozi nyingi utakazofungua hazina alama yoyote. Ukiuchanganya na zile nyeusi mbili za nyutro umeunganisha laivu na nyutro kupitia swichi, na swichi ikiwashwa hamna taa katikati ya kupunguza nguvu, ni laivu inakutana na nyutro uso kwa uso.

Na nyekundu zote tatu ni laivu ya kudumu. Hiyo inaleta jambo lingine ambalo watu hawaliamini mpaka wapigwe: kuzima swichi ya ukutani hakukati umeme kwenye dari la namna hii. Taa imezimika ndiyo, lakini nyekundu zote pale juu zina umeme mchana na usiku. Kinachokata ni breka kwenye bodi, na kama bodi lako halina maandishi ya kueleweka zima meinswichi kabisa ufanye kazi mchana. Ukishazima weka tepu juu ya breka na waambie waliomo ndani, maana atatokea mtu mwema aone giza akairudishe.

Ukishazima pima. Tesita ya bisibisi, ile yenye kataa kadogo ndani, usiitegemee kukuambia kwamba hamna umeme. Inafanya kazi kwa kupitisha mkondo mdogo sana mwilini mwako, ukiwa juu ya ngazi ya mbao umevaa raba, na jua linaingia dirishani, inaweza isionekane kuwaka na waya una umeme. Zile za kulia bila kugusa nazo zinalia kwa sababu ya kebo ya jirani, au zinanyamaza betri ikichoka. Tumia mita au tesita ya ncha mbili, na utaratibu ni huu: kwanza ijaribu sehemu unayojua ina umeme, soketi ambayo hukuizima kwa mfano, au ya jirani kama umezima meinswichi, ikuonyeshe, alafu panda upime darini, laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi, na nyeusi zote usiziruke, alafu shuka uijaribu tena kwenye ile soketi. Ikionyesha soketini mara zote mbili na darini kimya, basi kimya kile ni cha kweli. Taa za ngazi na korido zipe macho ya ziada, ni mahali ambapo mtu aliwahi kuazima nyutro ya sakiti nyingine ili asipitishe kebo mpya, na nyutro ya kuazima inapiga hata breka ya sakiti yako ikiwa chini. Meinswichi ndo dawa yake, mradi iwe ya kukata laivu na nyutro kwa pamoja.

Kwa kuwa rozi umeshaitoa na sidhani kama ulipiga picha (mtu mwingine anayesoma hapa, piga picha kabla ya kulegeza skrubu hata moja), itabidi utafute kebo ya swichi. Si kazi ngumu. Umeme ukiwa umezimwa na umehakikisha, tenganisha ncha zote zisigusane, weka mita kwenye mlio wa kontinuiti (inalia waya ukiwa umeungana toka ncha hadi ncha), alafu chukua kebo moja moja, mguu mmoja wa mita kwenye nyekundu yake, mwingine kwenye nyeusi yake. Mtu abonyeze swichi ya ukutani, washa, zima, washa, zima. Kebo ambayo mita inalia swichi ikiwashwa na inanyamaza swichi ikizimwa, ndo hiyo. Zile mbili zingine zinaweza kukuonyesha namba fulani kwa sababu kuna taa za vyumba vingine humo kwenye mstari, zisikuchanganye, unachotafuta ni ile inayomfuata mtu wa swichi. Huna mita? Betri na balbu ya tochi vinatosha, ukipitisha mkondo wa betri kwenye hiyo kebo balbu inawaka na kuzimika na swichi. Ila usije ukaweka mita kwenye kontinuiti au betri kwenye nyaya zenye umeme. Na ukikuta kebo yenye nyaya tatu ukiacha ethi, hapo kuna swichi mbili zinazotawala taa moja, simama, hiyo ni hesabu nyingine na maelezo haya hayakutoshi.

Ukishaipata, funga tepu nyekundu kwenye ule mweusi wake saa hiyohiyo kabla ya kusahau. Zile kebo mbili zilizobaki, ipi inaleta na ipi inapeleka, haina umuhimu kwa kazi hii kwa sababu zinaungwa sawa. Muungano wenyewe unakuwa hivi: nyekundu zote tatu zinaingia konekta moja peke yao, hazigusi taa kabisa, kazi yao ni kupeleka umeme mbele na kuushusha swichini. Nyeusi mbili za nyutro zinaingia konekta yao pamoja na waya wa N ya taa. Mweusi wa swichi, uliouvalisha tepu, unaingia na waya wa L ya taa. Ethi zote zinakaa pamoja. Taa nyingi za LED za kisasa huja na L na N tu kwa sababu aliyezitengeneza anafikiria dari lenye kebo moja, hana habari na lupu yako, kwa hiyo ile konekta ya nyekundu tatu utaitafuta mwenyewe, haimo kwenye paketi.

Kuhusu konekta, zile za kibao cha kubonyeza zenye matundu matatu au matano ndo nazipenda kwa kazi ya juu ya kichwa, unaona shaba imefika mwisho kupitia plastiki na huhitaji bisibisi mkono ukiwa umechoka. Menya waya kadri mchoro wa pembeni ya konekta unavyosema, nyingi ni kama milimita 11. Za skrubu pia ni nzuri ila waya wa nyuzi nyingi, huo unaotoka kwenye taa, ukibanwa na skrubu peke yake unasambaa na kulegea baada ya muda, usokote vizuri na uukunje mara mbili au uuvalishe kikopo chake cha kubana. Kila ukimaliza kiungo vuta waya mmoja mmoja, na shaba isionekane nje. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu hiyo sikubali, gundi ya tepu inakaushwa na joto la juu ya taa na siku moja inajikunjua yenyewe. Viungo vyote vikae ndani ya lile boksi au ndani ya kikasha chenye mfuniko, si kulala juu ya jipsamu wala kwenye mbao za dari.

Waya wa ethi usioona pa kuupeleka usiukate. Angalia kibandiko cha taa, ukiona alama ya mraba ndani ya mraba basi taa ina insulesheni mara mbili na haihitaji ethi, hapo ethi zako tatu unaziunga pamoja kwenye konekta na unaziacha ndani ya boksi, kwa sababu zinaendelea kwenda taa za vyumba vingine na ukizikata wenzio wote wa mbele wanabaki bila ulinzi. Kama ethi ni shaba tupu isiyo na ngozi, ivalishe mrija wa kijani na njano. Taa ikiwa ya chuma na haina ile alama, lazima kuna skrubu ya ethi mahali, saa ingine imejificha kwenye braketi yenyewe, itafute kwa makini. Na wale ambao dari lao halina ethi kabisa, nyumba za zamani zipo hivyo, wasiweke taa ya chuma inayodai ethi. Wairudishe, wachukue yenye mraba mbili.

Rangi nazo, kwa kuwa umetaja nyekundu na nyeusi, nyumba yako ni ya mfumo wa zamani wa Kiingereza: nyekundu laivu, nyeusi nyutro. Uingereza wenyewe walihamia kwenye kahawia kwa laivu na bluu kwa nyutro kuanzia 2004, na tangu 2006 kazi mpya zote ni lazima ziwe hivyo, kwa hiyo taa yako mpya pengine ina kahawia na bluu: kahawia yake inaenda na ule mweusi wenye tepu, bluu yake na nyeusi mbili za nyutro. Najua inakera macho, nyeusi moja na kahawia, nyeusi zingine na bluu, ndo maana tepu. Marekani ni kinyume kabisa, kule nyeusi ndo laivu na nyeupe ndo nyutro. Ukikutana na video ya Mmarekani anaunga nyeusi kwa nyeusi kwa ujasiri usimwige. Rangi inakuambia fundi alikusudia nini, mita inakuambia kilichopo.

Haya sasa mashimo yako. Hizo sentimita tano ni milimita 50.8, inchi 2 kamili, kipimo cha boksi la duara la mfumo huohuo wa Kiingereza, na skrubu yake ni M4. Sehemu nyingi za Ulaya maboksi yao ni milimita 60. Ya Marekani makubwa ni kama milimita 89 na madogo kama 70, na skrubu yao ni saizi nyingine inayofanana na M4 ukiitazama kwa macho lakini hatua ya uzi si ileile, inaingia mizunguko miwili inagoma, ukilazimisha unakula uzi wa boksi na hapo ndo umejitafutia kazi. Kwa hiyo skrubu zilizokuja na taa jaribu kwa vidole kwanza, zikikataa tumia zile za zamani zilizotoka kwenye rozi. Angalia na urefu, skrubu ndefu ikizama ndani ya boksi lililojaa nyaya inaweza kutoboa ngozi ya waya, na hiyo shoti utaitafuta mpaka uchoke.

Kabla hujawaza kutoboa taa, geuza braketi. Braketi nyingi zina nafasi ndefu za mlalo na zingine za msalaba, na watu wanajaribu upande mmoja tu wanakata tamaa. Ikikataa kweli, tafuta ile braketi ya kati, kipande cha chuma bapa chenye mifereji mirefu, unakifunga kwenye boksi kwa M4 zako za sentimita tano, na mifereji yake ya nje inapokea skrubu za taa. Ni kitu kidogo na ndo jibu la nusu ya matatizo haya duniani, sijui kwa nini hakiwekwi kwenye kila paketi. Ukikosa, kutoboa ile braketi, namaanisha kipande cha chuma peke yake ukiwa umekishika chini mezani, sina ugomvi nako, laini makali ya shimo kwa tupa. Kutoboa sahani ya taa yenyewe sikushauri, nyuma yake kuna draiva (kifaa kinachoilisha LED umeme) na nyaya, chuma chembamba kinaacha makali yanayokata waya, na kama ni ya insulesheni mara mbili ukipitisha skrubu mahali pasipopangwa umeshaivunja hiyo insulesheni. Garantii nayo kwaheri.

Gundi hapana. Nyepesi ni leo. Taa inapata joto na kupoa kila siku, rangi ya dari ndo iliyoshikwa na gundi wala si dari lenyewe, na siku ikidondoka inaning'inia kwa nyaya zenye umeme. Na siku unataka kubadilisha draiva utaitoa vipi?

Njia ambayo mimi ningeichukua kwa taa ya duara pana kama yako, kama braketi ya kati haipatikani, ni kuliacha boksi libaki la nyaya tu na kuifunga taa kwenye dari lenyewe. Taa pana inafunika mashimo yote. Hapo inategemea dari ni la nini. Mbao nyuma yake, gonga utafute ubao kwa mlio, skrubu ya mbao inaingia moja kwa moja. Zege, toboa kwa drili ya milimita 6, weka fisha ya 6 (kile kiplastiki cha kushika skrubu), ila usitoboe kwenye mstari unaotoka boksini kwenda upande wa swichi wala kwenda taa inayofuata, ndani ya zege kuna paipu za nyaya na kwa kawaida zinapita njia fupi. Jipsamu tupu bila ubao, tumia zile za mabawa zinazofunguka juu, na kwa taa nyepesi tu. Fisha ya kawaida kwenye jipsamu inashika siku ya kwanza kwa heshima, baadaye inatoka na unga wake.

Nyepesi ni kilo ngapi basi? Ipime. Panda mzani ukiwa umeishika, alafu bila kuishika, toa. LED ya duara ya chumba mara nyingi haina shida. Lakini anayetaka kutundika taa ya vioo vingi, ajue rozi ya plastiki imetengenezwa kubeba waya na balbu na kivuli chepesi, si zaidi. Marekani kanuni inasema boksi la darini linabeba taa mpaka pauni 50, kama kilo 23, na juu ya hapo taa ishikwe na muundo wa nyumba wenyewe au boksi lililoandikwa uzito mkubwa zaidi. Hizo kilo ni za boksi lililofungwa kwenye ubao. Boksi linalocheza ukilisukuma kwa kidole halibebi kitu. Feni ya dari ni habari nyingine kabisa, inatikisa, haifungwi kwenye boksi la taa.

Kitu kingine kiangalie ukiwa juu ukiwa umeshika tochi: hali ya ngozi za nyaya. Balbu za zamani zilikuwa zinapika boksi kwa miaka, ukikunja waya ngozi inapasuka kama ganda la karanga. Kata nyuma mpaka ufike pazima kama urefu unaruhusu, au ivalishe mrija wa kuhimili joto. Taa zingine zimeandikwa kwamba nyaya za dari ziwe za kuhimili nyuzi joto 90, na nyumba za zamani nyingi hazikufungwa hivyo, soma kibandiko. Ukikuta waya wa rangi ya fedha badala ya shaba, inaweza kuwa aluminiamu, au ukikuta plastiki ya boksi imeyeyuka na kuwa nyeusi, hiyo si kazi ya kubadilisha taa tena, ita fundi mwenye leseni aje aone sakiti nzima. Kuna nchi pia ambazo kazi hii yote hata iwe ndogo inatakiwa ifanywe na mwenye leseni, ulizia pako.

Wakati wa kuunga usiiache taa ining'inie kwa nyaya zake. Itundike kwa kipande cha waya au kamba kwenye braketi, ikae usawa wa kifua chako, mikono yote miwili iwe huru. Mtu ashike ngazi. Nyaya zikunje taratibu zirudi boksini kabla ya kupandisha sahani, usizikandamize kwa taa yenyewe, hapo ndo skrubu au ukingo wa chuma unauma waya bila wewe kujua. Kama sahani ina tundu la kupitishia nyaya na halina mpira, weka mpira.

Kurudisha umeme: swichi ya ukutani iwe imezimwa, alafu pandisha breka. Taa inatakiwa isiwake. Ikiwaka na swichi imezimwa, zima breka, umeipa laivu ya kudumu. Kama ilibaki giza, bonyeza swichi. Breka ikiruka hapo, mweusi wa swichi umeingia kwenye nyutro, rudi kwenye tepu yako. Isipowaka na breka haikuruka, na vyumba vya mbele vinawaka vizuri, angalia kama ule mweusi wa swichi umeshika au nyekundu ya kebo yake imechomoka kwenye zile tatu. Taa yako inawaka ila za vyumba vingine zimekufa, lupu imekatika, nyekundu moja au nyeusi moja haijashika kwenye konekta yake. Nakuandikia haya yote kwa sababu utakuwa juu ya ngazi na simu mkononi na hutakuwa na hamu ya kusoma tena toka mwanzo.

Na kama kazi inabidi ilale mpaka kesho na watu wanataka umeme, usiache ncha wazi. Kila ncha konekta yake, zikunje ndani, funika boksi. Au ufanye ule muungano wa nyekundu tatu na wa nyutro mbili sasa hivi bila taa, mweusi wa swichi uuvalishe konekta peke yake, swichi uizime, na vyumba vingine vitawaka kama kawaida.

La mwisho la LED: ukizima usiku ukaona imebaki na kamwanga hafifu, au inapepesa kila baada ya muda, taa si mbovu lazima. Swichi yenye kataa ka kuonyesha gizani inapitisha mkondo mdogo unaotosha kuiamsha LED, toa hako kataa au badilisha swichi. Kama swichi ni ya kawaida na bado inang'aa, pima kama swichi inakata laivu au inakata nyutro, kuna nyumba ziligeuzwa. Na kama ukutani ulikuwa na dimma (swichi ya kupunguza mwanga) ya enzi za balbu za moto, nyingi zinahitaji mzigo mkubwa kuliko LED moja, itapepesa na kuunguruma mpaka uweke swichi ya kawaida, au dimma ya LED kama taa yenyewe imeandikwa inakubali dimma.